Charles Stewart Parnell: Mbunge aliyelikwamisha Bunge la Uingereza akiwa na wenzake wachache

Asubuhi ya Jumatano, Februari 2, 1881, wabunge wa Uingereza walikuwa wamekaa ukumbini jijini London kwa saa 41 na nusu bila kuahirisha kikao. Kikao kilikuwa kimeanza Jumatatu saa kumi jioni. Wabunge walipokezana zamu, wengine wakalala kwenye viti na wengine wakaenda kula na kurudi, huku kundi dogo la wabunge kutoka Ireland likiendelea kuzungumza kwa zamu.

Serikali ilikuwa na wingi mkubwa wa kura, na muswada uliokuwa mezani ungepita mara tu utakapopigiwa kura. Tatizo lilikuwa kuifikia kura hiyo. Kwa mujibu wa kanuni za wakati huo, mjadala haukuweza kufungwa maadamu kulikuwa na mbunge anayetaka kusema.

Kiongozi wa kundi hilo alikuwa Charles Stewart Parnell, mwenye umri wa miaka 34. Katika muda wa miaka 16 aliyokuwa mbunge, aliwafundisha wachache jinsi ya kulisimamisha bunge lisilowasikiliza, aliangusha serikali kwa kura, na aliilazimisha Ireland iwe ajenda kuu ya siasa za Uingereza. Pia aliwafanya wakubwa wa bunge hilo watunge kanuni za kuwadhibiti wachache, na kanuni za aina hiyo zinatumika hadi leo katika mabunge mengi, yakiwemo ya Afrika Mashariki.

Mtoto wa familia yenye mashamba

Parnell alizaliwa Juni 27, 1846, katika nyumba ya familia yake ya Avondale, wilaya ya Wicklow, kusini mwa Dublin. Ulikuwa wakati wa njaa kuu ya Ireland iliyosababishwa na ugonjwa wa viazi. Watu wapatao milioni moja walikufa katika njaa hiyo, na wengine kama milioni moja wakaikimbia nchi.

Familia yake haikuwa miongoni mwa wenye njaa. Parnell alikuwa Mprotestanti katika nchi ambayo wakazi wake wengi ni Wakatoliki, na alitoka katika tabaka la makabaila waliomiliki mashamba yaliyolimwa na wapangaji. Baba yake alifariki mwaka 1859, na kijana Charles akairithi Avondale.

Hata hivyo, familia hiyo ilikuwa na historia ya kutokubaliana na London. Babu wa baba yake, Sir John Parnell, alikuwa waziri wa fedha wa Ireland na alipinga sheria iliyolifuta bunge la Dublin na kuiunganisha Ireland na Uingereza kuanzia Januari 1, 1801. Mama yake, Delia, alikuwa Mmarekani, binti wa Charles Stewart, kamanda wa jeshi la majini la Marekani aliyepigana na Waingereza katika vita vya mwaka 1812.

Parnell alisoma Chuo cha Magdalene, Cambridge, lakini aliondoka mwaka 1869 bila shahada baada ya kusimamishwa kwa kosa la kupigana mtaani. Alipenda kriketi na farasi. Hakuwa msomaji sana wa vitabu, na alipoanza siasa alikuwa msemaji mbovu aliyepata shida kutafuta maneno mbele ya watu. Waliomfahamu walimwona mtu mkimya, mwenye kiburi kidogo na asiyeonyesha hisia.

Usiku wa kwanza bungeni

Parnell alichaguliwa kuwa mbunge wa Meath katika uchaguzi mdogo wa Aprili 1875. Siku aliyoapishwa, Aprili 22, alimkuta mbunge mwenzake wa Ireland, Joseph Biggar, akiwa katikati ya hotuba iliyochukua karibu saa nne.

Biggar alikuwa mfanyabiashara wa nyama ya nguruwe kutoka Belfast. Hakuwa na sauti nzuri wala ufasaha, na siku hiyo hakuwa akijaribu kumshawishi mtu. Alikuwa akisoma nyaraka na ripoti za serikali ili kuchelewesha muswada wa kuongeza muda wa sheria kali dhidi ya Ireland.

Kiongozi wa wabunge wa Ireland wakati huo alikuwa Isaac Butt, wakili mashuhuri. Chama chake kilikuwa na wabunge karibu 60 kati ya zaidi ya 650, na kilidai Ireland irudishiwe bunge lake kwa ajili ya mambo ya ndani, huku ikibaki chini ya taji la Uingereza. Butt aliamini kwamba hoja nzuri, ikitolewa kwa heshima, ingeshinda siku moja.

Kila mwaka hoja yake ilipigiwa kura, na kila mwaka ilishindwa kwa tofauti kubwa. Vyama viwili vikubwa, Conservative na Liberal, vilikuwa vikigombana juu ya karibu kila jambo, lakini katika suala la Ireland vilipiga kura upande mmoja.

Parnell alitazama hali hiyo kwa takriban miaka miwili bila kusema mengi. Alichojifunza katika kipindi hicho ni kanuni za bunge.

Mbinu ilifanyaje kazi?

Bunge la Uingereza la wakati huo liliendeshwa zaidi kwa mazoea na adabu kuliko kwa kanuni kali. Ilidhaniwa kwamba kila mbunge ni mwungwana ambaye hatautumia uhuru wake kupita kiasi. Hapakuwa na kikomo cha muda wa kuzungumza, na Spika hakuwa na mamlaka ya kufunga mjadala.

Mbunge yeyote aliweza kutoa hoja ya kuahirisha kikao. Hoja hiyo ikikataliwa, mbunge mwingine aliweza kutoa hoja nyingine ya namna hiyo hiyo kwa maneno tofauti kidogo. Kila hoja iliweza kudaiwa kura, na kupiga kura kulimaanisha wabunge wote kuinuka, kutoka ukumbini na kuhesabiwa mmoja mmoja kwenye njia mbili za pembeni. Kila kura ilikula dakika nyingi.

Muswada ulipofika hatua ya kamati, mbunge aliruhusiwa kuzungumza mara nyingi apendavyo na kupendekeza marekebisho katika kila kifungu. Wabunge watano au sita wenye subira waliweza kuligeuza jambo la saa moja likawa la usiku mzima.

Palikuwa pia na kanuni za zamani zilizosahaulika. Mwaka huo huo wa 1875, Biggar alitumia mojawapo kumjulisha Spika kwamba kuna wageni ndani ya ukumbi. Spika akalazimika kuamuru wageni wote watoke, akiwemo mrithi wa kiti cha ufalme aliyekuwa amekaa kutazama mjadala.

Udhaifu wa serikali ulikuwa kalenda. Ilipaswa kupitisha bajeti, sheria ya jeshi na miswada yake yote kabla ya likizo ya kiangazi. Kila usiku uliopotea ulimaanisha muswada mmoja zaidi wa serikali kubaki kabatini.

Tofauti kati ya Parnell na Biggar ni kwamba Parnell hakuishia kupoteza muda. Alisoma miswada kifungu kwa kifungu na kuleta marekebisho yenye maana, kwa mfano kuhusu hali ya wafungwa katika muswada wa magereza wa mwaka 1877. Mwaka 1879 alipambana na adhabu ya viboko katika jeshi, akaungwa mkono na baadhi ya wabunge wa Kiingereza. Idadi ya viboko ilipunguzwa, na adhabu hiyo ikafutwa mwaka 1881. Ilikuwa vigumu kwa Spika kusema kwamba mbunge anayejadili kifungu kilicho mezani anavuruga kikao.

Usiku mzima kwa ajili ya Afrika Kusini

Tukio lililomfanya Parnell ajulikane kote Uingereza lilihusu Afrika. Mnamo Aprili 1877 Uingereza iliitwaa Transvaal, jamhuri ya Maburu, na serikali ikaleta bungeni muswada wa kuziunganisha koloni za Afrika Kusini katika shirikisho moja. Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi katika maeneo hayo, hawakuwa wameulizwa.

Wabunge saba wa Ireland waliamua kuupinga muswada huo kwa nguvu zote. Kwao, nchi kuunganishwa na dola ya Uingereza bila ridhaa yake lilikuwa jambo walilolijua kutoka nyumbani.

Parnell alipotamka bungeni kwamba anapata faraja katika kuizuia serikali isitimize nia yake juu ya Afrika Kusini, Sir Stafford Northcote, aliyesimamia shughuli za serikali bungeni, alitaka asimamishwe. Lakini maneno yalipochunguzwa ilionekana kwamba Parnell alisema kuizuia serikali, hakusema kulizuia bunge. Kuipinga serikali ni haki ya mbunge, na hoja ya kumwadhibu ikafifia.

Kikao kilichoanza Julai 31 kiliendelea hadi jioni ya siku iliyofuata, jumla ya saa 26 hivi. Muswada ulipita hatimaye, lakini magazeti ya London hayakuzungumzia jambo jingine. Butt alikuwa amekwisha kumkemea Parnell hadharani kwa kulivunjia bunge heshima. Kemeo hilo lilimgharimu Butt mwenyewe, kwani mwezi Agosti Wairishi waishio Uingereza walimwondoa katika uongozi wa umoja wao na kumchagua Parnell.

Butt alifariki Mei 1879. Mwaka mmoja baadaye wabunge wa Ireland walimchagua Parnell kuwa mwenyekiti wao, kwa kura 23 dhidi ya 18.

Kutoka bungeni hadi mashambani

Parnell alitambua mapema kwamba kelele za bungeni pekee haziwezi kuitikisa serikali kwa muda mrefu. Zilihitaji nguvu ya watu nje ya ukumbi.

Mavuno ya mwaka 1879 yalikuwa mabaya, na maelfu ya wapangaji wa mashamba walishindwa kulipa kodi na kutishiwa kufukuzwa. Michael Davitt, mtoto wa familia iliyowahi kufukuzwa shambani na aliyepoteza mkono mmoja kiwandani akiwa mtoto, alianzisha harakati za wakulima. Oktoba 21, 1879, Umoja wa Ardhi uliundwa Dublin, na Parnell, ambaye mwenyewe alikuwa kabaila, akawa rais wake.

Mwanzoni mwa 1880 alizuru Marekani kuchangisha fedha miongoni mwa Wairishi waliohamia huko, na akapewa nafasi adimu ya kulihutubia Baraza la Wawakilishi mjini Washington.

Septemba mwaka huo, katika mji wa Ennis, aliwashauri wakulima wasimdhuru mtu anayechukua shamba la jirani aliyefukuzwa, bali wamtenge. Asisemeshwe, asiuziwe kitu, asikaribiwe hata kanisani. Miongoni mwa waliotengwa kwa namna hiyo alikuwa Kapteni Charles Boycott, msimamizi wa mashamba katika wilaya ya Mayo. Jina lake likageuka kuwa neno la Kiingereza la kususia.

Vurugu nazo ziliongezeka vijijini. Mifugo ilikatwa, nyumba zikachomwa, na baadhi ya watu wakauawa. Parnell hakuziamuru, lakini wapinzani wake walisema alikuwa akifaidika nazo.

Saa 41

Serikali mpya ya William Gladstone wa chama cha Liberal ilijibu mnamo Januari 1881 kwa muswada ulioruhusu watu wa Ireland kukamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Huu ndio muswada uliolifanya bunge likeshe kwa saa 41 na nusu.

Wabunge wa Ireland walijipanga kwa zamu. Serikali nayo ilipanga wabunge wake kwa zamu ili kikao kisikose idadi inayotakiwa. Hakuna upande uliokuwa tayari kuwa wa kwanza kwenda kulala.

Aliyevunja mkwamo alikuwa Spika, Henry Brand. Kabla ya hapo alikuwa ameafikiana faraghani na Gladstone kwamba ataufunga mjadala kwa mamlaka yake mwenyewe, kwa sharti kwamba serikali italeta kanuni mpya baadaye. Saa tatu na nusu asubuhi alisimama, akatangaza kwamba heshima ya bunge inadai uamuzi huo, na kura ikapigwa. Hapakuwa na kanuni iliyomruhusu kufanya hivyo. Wabunge wa Ireland walitoka nje wakilalamika kwamba haki zao zimevunjwa.

Siku iliyofuata ilifahamika kwamba Davitt amekamatwa. Ghasia zilizuka ukumbini, na wabunge 36 wa Ireland, akiwemo Parnell, walisimamishwa na kutolewa nje kwa siku moja. Walipokuwa nje, Gladstone alipitisha kanuni za dharura zilizompa Spika uwezo wa kuharakisha mjadala.

Muswada ukawa sheria mwezi Machi. Oktoba 13, Parnell mwenyewe alikamatwa kwa sheria hiyo hiyo na kupelekwa gereza la Kilmainham, Dublin.

Jela na makubaliano

Kumfunga Parnell hakukuleta utulivu. Bila yeye, vijiji vilibaki mikononi mwa vikundi vya siri. Kila upande ukaona faida ya kuzungumza.

Mei 2, 1882, Parnell aliachiwa baada ya makubaliano yasiyoandikwa rasmi. Serikali ingewasaidia wapangaji wenye malimbikizo ya madeni, na yeye angetumia ushawishi wake kutuliza vurugu. Siku nne baadaye, kundi la siri lilimuua kwa visu waziri mpya wa mambo ya Ireland, Lord Frederick Cavendish, pamoja na ofisa wake Thomas Burke, katika bustani ya Phoenix mjini Dublin. Parnell alishtuka kiasi cha kumwandikia Gladstone akiwa tayari kujiuzulu. Gladstone hakumtaka afanye hivyo.

Baada ya hapo Parnell alibadili mkakati. Kukesha bungeni kulikuwa kumefikia mwisho wa manufaa yake, hasa baada ya bunge kuiingiza hoja ya kufunga mjadala katika kanuni zake za kudumu mwaka 1882. Sasa alitaka idadi na nidhamu.

Kuanzia mwaka 1884, kila mgombea wa chama chake aliweka saini ahadi ya kukaa, kutenda na kupiga kura pamoja na chama, na kujiuzulu akikiuka. Kwa kuwa wabunge hawakuwa na mshahara wakati huo, wasio na mali walilipwa kutoka mfuko wa chama. Kwa wabunge wa Uingereza waliozoea kupiga kura kila mtu kwa dhamiri yake, nidhamu ya namna hiyo ilikuwa kitu kigeni.

Wabunge 86

Nidhamu hiyo ilizaa matunda Juni 1885. Wabunge wa Parnell walipiga kura pamoja na Conservative juu ya bajeti, na serikali ya Gladstone ikaanguka kwa tofauti ya kura 12.

Parnell hakuwa na mapenzi na Conservative. Alikuwa akivishindanisha vyama viwili ili kuona kipi kitatoa bei nzuri zaidi. Kiangazi hicho alikutana kwa siri na Lord Carnarvon, mwakilishi wa serikali mpya, katika nyumba isiyo na watu jijini London. Katika uchaguzi wa Novemba na Desemba, chama chake kiliwataka Wairishi waishio Uingereza wawanyime kura wagombea wa Liberal.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Liberal walipata viti 335, Conservative 249, na chama cha Parnell 86. Tofauti kati ya vyama viwili vikubwa ilikuwa 86 kamili. Conservative wakiungwa mkono na Parnell wangelingana na Liberal, na Liberal wakiungwa mkono naye wangekuwa na wingi wa kutosha. Hakuna aliyeweza kutawala kwa utulivu bila yeye.

Mwezi Desemba magazeti yalifichua kwamba Gladstone amekubali Ireland iwe na bunge lake la ndani. Parnell akahamisha kura zake, na Gladstone akarudi madarakani mapema mwaka 1886. Aprili 8 alileta muswada wa kuipa Ireland bunge lake. Jambo ambalo Butt aliliomba kwa miaka mingi bila mafanikio, sasa lilikuwa muswada wa serikali.

Lakini Gladstone hakuweza kukishika chama chake. Wabunge 93 wa Liberal, wakiongozwa na Lord Hartington na Joseph Chamberlain, walipiga kura ya kupinga, na Juni 8, 1886, muswada ulishindwa kwa kura 30. Uchaguzi uliofuata uliwapa ushindi Conservative pamoja na Waliberali waliojitenga. Kwa wingi huo mpya, kura 86 za Parnell hazikuweza tena kuamua nani atawale.

Mwaka 1887 serikali ya Lord Salisbury ilileta sheria nyingine kali juu ya Ireland. Ili isikwamishwe, ilitumia utaratibu mpya wa kupanga saa ya mwisho ya mjadala, ambapo vifungu vyote visivyojadiliwa hupigiwa kura moja kwa moja. Utaratibu huo uliitwa gilotini, kwa jina la mashine ya kukata vichwa iliyotumika katika mapinduzi ya Ufaransa.

Barua za kughushi

Mwaka huo huo gazeti la The Times lilichapisha barua iliyodaiwa kuandikwa na Parnell, ikionyesha kwamba aliyahalalisha mauaji ya bustani ya Phoenix. Parnell alikana. Tume maalumu ya majaji iliundwa mwaka 1888.

Februari 1889, mwandishi wa habari Richard Pigott alihojiwa mbele ya tume. Wakili alimtaka aandike maneno kadhaa, naye akakosea tahajia ya neno lile lile lililokosewa katika barua. Pigott alikiri kughushi, akakimbilia Madrid na kujiua. Parnell aliporudi bungeni, wabunge wa upinzani walisimama kumshangilia, akiwemo Gladstone.

Kipindi hicho alikuwa na marafiki hata mahali pasipotarajiwa. Cecil Rhodes, tajiri wa almasi wa Afrika Kusini, alikiahidi chama chake pauni 10,000 mwaka 1888, akitaka wabunge wa Ireland waendelee kuwepo London hata baada ya nchi yao kupata bunge. Rhodes aliona katika mpango huo mfano wa kuishikamanisha dola ya Uingereza, dola ile ile ambayo Parnell alikesha akiipinga mwaka 1877.

Chumba namba 15

Tangu mwaka 1880 Parnell alikuwa na uhusiano na Katharine O'Shea, mke wa mbunge Kapteni William O'Shea. Walizaa mabinti watatu, na wa kwanza alifariki akiwa mchanga wakati Parnell yuko kizuizini. Wanasiasa wengi walijua, na mume alinyamaza kwa miaka mingi. Desemba 1889 alifungua kesi ya talaka.

Kesi ilisikilizwa Novemba 1890. Parnell hakujitetea. Wapiga kura wa Liberal waliokuwa wa madhehebu ya Kiprotestanti walikasirika, na Gladstone akatoa barua kwamba Parnell akibaki kiongozi, juhudi za kuipatia Ireland bunge zitakwama. Maaskofu wa Kikatoliki nao wakamkataa.

Desemba 1, wabunge wa chama chake walikutana katika chumba cha kamati namba 15 ndani ya jengo la bunge. Wengi walitaka ajiuzulu. Lakini mwenyekiti wa kikao alikuwa Parnell mwenyewe, naye alizijua kanuni kuliko mtu yeyote mle ndani.

Kwa siku kadhaa alitumia dhidi ya wenzake ujuzi aliowafundisha. Alizuia hoja, akaamua zipi zipokelewe na zipi zisipokelewe, akaugeuza mjadala kuhusu uongozi wake uwe mjadala kuhusu barua ya Gladstone. Hoja ya kumwondoa haikufika kwenye kura. Desemba 6, Justin McCarthy alitoka chumbani na wenzake zaidi ya 40. Waliobaki na Parnell hawakufika 30.

Hakukubali kushindwa. Alizunguka Ireland katika chaguzi ndogo tatu, Kilkenny Kaskazini, Sligo Kaskazini na Carlow, na wagombea wake wakashindwa zote. Juni 25, 1891, alimwoa Katharine. Afya yake ilikuwa imedhoofika, na Oktoba 6 alifariki nyumbani kwake Hove, karibu na Brighton, akiwa na miaka 45. Umati mkubwa ulijitokeza Dublin alipozikwa katika makaburi ya Glasnevin.

Chama chake kilibaki vipande viwili kwa takriban miaka kumi. Muswada wa pili wa Gladstone ulipita katika baraza la wabunge mwaka 1893, lakini Baraza la Malodi likaukataa. Ireland ilipata dola yake mwaka 1922, baada ya vita, na bila wilaya sita za kaskazini.

Kanuni alizoziacha

Wanahistoria bado wanabishana kama Parnell alilijenga bunge au alilibomoa. Kwa upande mmoja, aliwalazimisha wakubwa kuwasikiliza watu ambao wangeweza kupuuzwa kwa miaka mingine mingi. Kwa upande mwingine, kila mara alipoutumia mwanya wa kanuni, serikali iliuziba, na ikauziba kwa wote. Wabunge wasio na uhusiano wowote na Ireland nao walipoteza uhuru wa kuzungumza bila kikomo.

Mabunge yaliyorithi utaratibu wa Uingereza yalizirithi pia kanuni hizo. Kanuni za Kudumu za bunge la Kenya zinamruhusu mbunge kuomba mjadala ufungwe, na zinamtaka Spika akatae ombi hilo akiona linakiuka haki za wabunge wengine. Wanaofuatilia vikao vya bajeti vya Bunge la Tanzania mjini Dodoma wanalijua neno gilotini. Muda uliopangwa kwa wizara ukiisha, vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa pamoja, hata kama kuna wabunge wanaotaka maelezo.

Kila bunge lenye kanuni hizo hukabiliwa na swali ambalo Spika Brand alilijibu peke yake asubuhi ile ya Februari, la ni muda gani unatosha kwa wachache kusikilizwa kabla ya walio wengi kuamua. Mwaka 1881 wachache walikuwa wamezungumza kwa saa 41. Muswada walioupinga uliwafunga watu bila kesi, na aliyewaongoza kuupinga alikuwa miongoni mwa waliofungwa.